Dirisha la Saa Nane

Jumanne, 6 Juni

Nimefagia jukwaa la stesheni kama kila siku. Majani ya mgrevilea, kinyesi cha mbuzi, chupa mbili za plastiki. Hakuna aliyenituma. Treni haijasimama hapa Mferejini miaka karibu arobaini, lakini nisipofagia chai hainishuki. Ya asubuhi imepita kwenda Arusha bila kupunguza mwendo. Dereva kapiga honi. Nimemwinulia ufagio.

Mtendaji wa mtaa kanikuta hapo hapo. Ana habari. Jumatano ya wiki ijayo anakuja mhandisi wa reli kukagua stesheni ndogo: zipi zifunguliwe ili treni ya abiria isimame, zipi ziachwe zioze. Anataka historia ya stesheni na huduma zake. Mtendaji anasema niandike mimi, kwa kuwa mimi ndiye stesheni masta wa mwisho na wenzangu wote wameshazikwa. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Napenda sifa tangu ujana, na uzee haujanitibu.

Alhamisi, 8 Juni

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Jumatatu. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu.

Kwamba Wajerumani waliifikisha reli Moshi, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha. Kwamba hapa palikuwa na chumba cha tiketi, stoo ya mizigo, tangi la maji na jukwaa la mawe. Kahawa ilishuka kutoka mlimani kwa lori na juu ya vichwa vya akina mama, ikapakiwa hapa. Ndizi, ngozi, mahindi. Mabati ya kanisa letu yalishukia hapa. Simu ya kuzungusha kwa mkono. Abiria kila Jumanne na Ijumaa, treni ya saa tisa na nusu alasiri, mabehewa mawili yamefungwa nyuma ya yale ya mizigo. Ukiwa na abiria unaweka ishara nyekundu, inasimama. Ukiwa huna unaweka kijani, inapita.

Nikamwandika na Bwana Gurdip, Kalasinga aliyenifundisha kazi. Mtu mkali, kilemba safi hata siku ya vumbi. Alikula chakula chake cha mchana amesimama dirishani. Alisema dirisha la tiketi halifungwi mpaka injini isikike. Mtu katoka mlimani kwa miguu, hana saa, wewe unayo, basi mngoje.

Sentensi hiyo niliiandika. Halafu nikaifuta.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa ya kwanza Mama Anjela alinishika mkono kwenye ngazi za kanisa. Gaudensia, jirani yangu wa juu ya mfereji. Zamani alikuwa muuza ndizi pale jukwaani, leo ana miaka sabini na minne na nyonga mbovu. Wanawe wawili wa kiume wako Arusha. Miaka mitatu hajafika kwao, maana ngazi za basi zimemshinda na akikaa amebanwa hainuki. Kwenye treni mtu ananyoosha mguu. Hilo tu ndilo analolitaka, na anasema analitaka kabla hajafa.

Kaandikisha majina ya jumuiya nzima kuomba treni isimame. Sasa anataka vitabu vyangu vya zamani vya abiria. Anajua ninavyo.

"Masta, hivyo vitabu ndivyo vitatusemea," aliniambia. "Pale jukwaani tulikuwa tunajaa."

Nikamjibu kwamba vimeliwa na mchwa. Nimetoka kukomunika, mdomo haujakauka. Akaniambia pole.

Jumatatu, 12 Juni

Havijaliwa na mchwa. Viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, vyote, vizima. Leo nimevitoa nje kwenye jua. Niliwasha moto wa kuchoma takataka, nikakaa na kitabu kimoja mapajani mpaka moto ukafa.

Niandike basi. Hapa hasomi mtu.

Nilipopewa stesheni nilikuwa kijana, na baba alikuwa ametoka kunigawia kipande cha shamba juu kidogo ya reli. Shamba bila maji ni bure. Maji ya mfereji yana zamu, na wazee wa mfereji walinipa Jumanne na Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi na moja. Zamu ukiikosa, maji anapewa mwingine, na ukiikosa mara mbili unanyang'anywa kabisa. Sikuwa na mke bado wala mtoto wa kumtuma. Niliomba nibadilishiwe. Wakasema kama kijana anaona kazi ya serikali ni tamu kuliko shamba, aende akale reli.

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: DIRISHA LINAFUNGWA SAA NANE KAMILI. ATAKAYECHELEWA ASILAUMU. Nikagonga muhuri. Nikaibandika.

Hakuna aliyeniagiza. Watu wa mlimani walizoea kushuka saa nane na nusu, saa tisa. Wakakuta kijani imewekwa na mlango umefungwa. Treni ikawapita wanaiona. Wakaenda Moshi kutafuta basi, kwa miguu na mizigo kichwani, wakilaumu miguu yao. Baada ya mwaka wakaacha kuja. Mimi jioni narudi na tope miguuni, naandika kwenye kitabu: Abiria, hakuna. Abiria, hakuna. Walipotafuta stesheni ya kufunga hawakusumbuka. Walifungua kitabu changu.

Na mahindi yangu yalistawi. Kila mtu aliyasifia.

Jumanne, 13 Juni

Sikulala vizuri. Nimefagia jukwaa mara mbili.

Kuna jambo jana sikuliandika. Anjela.

Jumatano, 14 Juni

Mhandisi kaja. Msichana, Rehema, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, buti za kazini, heshima tele. Shikamoo baba, shikamoo mama, mpaka kwa mtu wa mwisho. Mkutano ulifanyika pale pale jukwaani, watu kwenye mabenchi ya kanisa. Walinitaka niwasomee historia yangu. Wakapiga makofi.

Kisha akatoa karatasi. Kumbe kila mwezi nilikuwa napeleka nakala Moshi, nami nilikuwa nimesahau kabisa. Mchwa wangu hawakufika huko. Akasoma polepole, bila ubaya. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mwaka mzima, na unaofuata. Akasema amesikia kwamba jukwaa lilijaa, lakini wakubwa wake watamuuliza kwa nini treni isimame mahali ambapo hata zamani, ikisimama, hapakuwa na mtu.

Mama Anjela akainuka kwa fimbo yake. Akasema watu walikuwepo. Kosa lilikuwa letu wenyewe, tulikuwa wazembe wa saa. Dirisha lilifungwa saa nane na sisi tunakuja tukijivuta. "Mimi mwenyewe nilichelewa siku mbaya kuliko zote. Msimlaumu Masta, yeye alifuata sheria."

Mhandisi akakunja uso. Hajawahi kusikia sheria hiyo. Treni ya saa tisa na nusu, dirisha lifungwe saa nane? Akaniuliza mimi.

Nikasema lilikuwa agizo.

Akauliza, la nani baba?

Nikasema, la zamani.

Nikakaa. Watu zaidi ya hamsini wananiangalia kwa huruma, wakidhani kumbukumbu zimenitoka. Mhandisi akasema mwenye ushahidi wowote wa maandishi aufikishe kwake kabla ya Jumanne. Nimerudi nyumbani na mkate niliopewa kama shukrani ya kuandika historia. Bado uko mezani. Nauonea aibu.

Alhamisi, 15 Juni

Anjela sasa.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Msichana wa kwanza wa upande wetu kuchaguliwa sekondari ya bweni, Arusha. Barua ilisema aripoti mwisho Ijumaa. Wiki ile mvua zilikuwa zimekata barabara, mabasi hayapiti, njia ilikuwa reli tu. Walishuka na mama yake, sanduku la mbao, ndoo, godoro limekunjwa. Walifika saa nane na robo. Najua ilikuwa saa nane na robo kwa sababu niliangalia saa.

Nilikuwa juu, shambani, jembe mkononi. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yameingia. Kutoka pale jukwaa lote linaonekana. Niliwaona wakisoma karatasi yangu. Niliwaona wakigonga mlango. Kushuka ni dakika kumi. Ningeshuka ningewakatia tiketi, ningeweka nyekundu, na mfereji ungeelekezwa kwa jirani. Nikasema moyoni, kuna treni Jumanne. Kweli nilisema hivyo. Kama vile barua yake sikuisoma mimi mwenyewe kumtafsiria mama yake.

Wakakaa juu ya sanduku mpaka treni ikawapita.

Jumanne walipofika Arusha nafasi ilikuwa imepewa mtoto mwingine. Mimi ndiye niliyewaandikia barua ya kuomba. Mwandiko mzuri. Haikujibiwa. Hapakuwa na mwaka wa pili wa kujaribu. Anjela leo ana zaidi ya miaka hamsini na anapika uji na makande kwenye jiko la shule ya sekondari, hapa barabarani, kwa watoto wa watu.

Na walichelewa kwa nini? Njiani Anjela alikumbuka mche wa sabuni uliotakiwa shuleni, akarudi mbio nyumbani kuuchukua. Robo saa ile. Miaka yote hii, kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye msiba wa baba yake, lazima mtu aseme kwa utani kwamba Anjela aliuza sekondari kwa mche wa sabuni. Naye hucheka. Nami nimecheka nao, kikombe cha pombe ya mbege mkononi.

Mimi ni mtu mbaya. Si mbaya wa kutisha, mbaya wa kawaida. Sijui kama kuna nafuu.

Ijumaa, 16 Juni

Nimekata isale kwenye mpaka wa shamba langu la kihamba, jani moja refu la kuombea msamaha, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikapanda kwa Mama Anjela. Saa tatu asubuhi. Alikuwa anamenya ndizi.

Nikampa jani kwa mikono miwili, ndipo nikasema. Karatasi nilibandika mimi. Hapakuwa na agizo. Siku ile niliwaona. Nilisema yote na sauti haikutetemeka, na hilo nalo sikulipenda.

Alishika lile jani muda mrefu. Kwetu aliyekosewa akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ni damu imemwagika. Wazee waliliweka hivyo. Akasema, "Nimepokea." Akaliweka juu ya kabati. Akarudi kwenye ndizi zake. Kisu kilikuwa kinakwenda ovyo, anakata na nyama ya ndizi.

Nikaaga. Akanijibu vizuri.

Nimerudi nimepata usingizi wa mchana, wa kwanza wiki hii.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeamka na hasira na mimi mwenyewe. Usingizi ule haukuwa wangu.

Nilijua isale haikataliwi. Nilijua tangu nalikata. Nilipanda kule na jani ili asiweze kunisema. Kwanza nilimfungia dirisha, sasa nimemfunga mdomo, na safari hii kwa mila yake mwenyewe. Mama yule aliyetoa ushahidi mbele ya watu kwamba nilifuata sheria.

Baada ya chai nimepanda tena. Nikamwomba anirudishie isale.

Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikasema hapana, nirudishie kwanza, useme unalotaka kusema, halafu ukitaka nitalileta siku nyingine, na usipotaka sitalileta. Sijawahi kusikia mtu kafanya hivyo. Ningeulizwa na wazee ningekosa jibu.

Akaenda kabatini akalichukua. Akalitupa kwenye mapaja yangu.

Kisha akasema. Karibu saa nzima, nusu Kiswahili nusu Kichagga, na Kichagga chake ni kikali. Sitaandika yote. Hili nitaliandika. Siku ile, baada ya treni kupita, alimchapa Anjela pale jukwaani. Alikata fimbo kwenye ua wa stesheni yangu, akamchapa mtoto wa miaka kumi na minne aliyevaa sare mpya, kwa ajili ya ile robo saa. Sare ikachanika begani. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeinamia maji.

"Wewe ulikuwa unamwagilia, mimi namchapa," alisema. "Na mpaka leo namsema mbele ya wanawe. Masta, haya nitamwambiaje mimi?"

Nikasema nimwambie mimi. Akakataa. Ni mwanangu, nitamwambia mwenyewe, usiniingilie. Akanionyesha mlango kwa fimbo yake.

Nimeshuka na jani langu. Mwili wote unauma kama niliyetoka kulima.

Jumatatu, 19 Juni

Nimemwandikia Mhandisi Rehema kurasa tatu. Jina langu kamili, Proches, na la baba. Kwamba vitabu ni vya kweli kwa maana kwamba hakuna tiketi iliyokatwa, na ni vya uongo kwa maana kwamba watu walikuwepo. Kwamba dirisha nilifunga mimi kwa zamu ya maji. Nimechukua sanduku la vitabu, nimepanda bodaboda mpaka Moshi, nimemkabidhi mkononi.

Alisoma yote nikiwa nimesimama. Akaniambia nikae. Akaniuliza kama naelewa kwamba barua hii itasomwa kwenye mkutano. Nikasema naelewa. Akasema, baba, asante. Nilitamani angenifokea.

Njiani kurudi nimepita kwa mtendaji nikamwambia na yeye. Alikohoa sana. Kufika jioni mtaa mzima utakuwa umejua, na Mama Anjela itabidi awahi kumwambia mwanawe.

Alhamisi, 22 Juni

Mtaa umejua. Dukani wananihudumia bila maneno. Mzee mwenzangu mmoja wa mfereji, ambaye baba yake ndiye aliyenipangia zamu ile, kaniambia nisijitese, zamu ni zamu. Nimegundua kwamba ndiye mtu pekee niliyemkasirikia leo.

Alasiri Mhandisi kapiga simu. Barua imeambatishwa. Wamejadili. Stesheni mbili zimepita, Mferejini haimo. Si kwa sababu ya vitabu tu, anasema. Jukwaa ni fupi kwa mabehewa ya sasa na paa la stoo limeshaanguka. Huenda Mferejini ingefikiriwa kama maombi yangekuwa na uzito tangu mwanzo. Huenda miaka ijayo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi, wakati hakukosa kitu.

Nimepanda kumpa Mama Anjela habari. Hakufungua mlango. Alisikiliza kupitia dirishani, akasema, "Haya." Basi. Wanawe itabidi waje wao.

Jumapili, 25 Juni

Misa ya pili, maana ya kwanza anakwenda Mama Anjela. Anjela alikuwepo, kwaya, safu ya nyuma. Alinisalimia shikamoo kama kawaida. Shikamoo ya kawaida kabisa, na kicheko chake kile. Watu walikuwa wanamtazama, wakiacha maneno akikaribia.

Kumbe hajaambiwa. Mtaa mzima unajua isipokuwa yeye, kwa kuwa kila mtu anangoja mama yake.

Jumatano, 28 Juni

Mlima umefunguka asubuhi, theluji yote nje. Nimefagia. Treni imepita.

Saa nne Anjela kaja, na aproni ya jikoni, na chupa ya chakula mkononi. Amekaa kwenye benchi la jukwaa, ubavuni kwangu. Alikuwa na wasiwasi na mama yake. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita mama anamletea mtori, kila siku, anatembea na nyonga ile mpaka shuleni. Mtori wa ndizi na nyama, kama anavyopikiwa mwanamke aliyejifungua. Anaweka chupa mezani, anamtazama anavyokula, halafu machozi yanamtoka na anaondoka bila kusema. Yeye ambaye ni mpishi, anapelekewa chakula.

"Meku, mzee wangu, mama anaumwa?" akaniuliza. "Wewe ni mtu wake wa karibu. Kama ni saratani niambie."

Nilikuwa nimekatazwa. Nilifikiria kusema sijui. Lilikuwa tayari mdomoni, linateleza lenyewe, maana nimelizoea.

Nikamwambia. Karatasi, mfereji, jembe. Kwamba hapakuwa na saa nane. Hata wangefika na sabuni yao saa tisa na dakika ishirini na tisa walikuwa na haki ya kupanda.

Aliweka chupa kwenye benchi. Halafu akauliza tulifika saa ngapi sisi. Nikasema saa nane na robo. Na treni? Saa tisa na nusu.

"Saa moja na robo," akasema. Akahesabu tena kwa vidole, mwanamke mzima. "Kwa hiyo tuliwahi."

"Mliwahi."

Nilingoja anipige au anilaani. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mahali pale ua wa stesheni ulipokuwa, ambapo sasa ni majani tu.

"Tuliwahi," akasema tena, polepole. Kisha akafungua chupa, akanywa mtori wote ulivyokuwa wa moto, akaifuta kwa aproni na kuifunga. Akasema anakwenda kumwambia mama yake asitembee tena kesho, nyonga itamuumiza.